Akaunti ya Mama Neema

Atupele amenipigia simu leo Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa mlangoni namenya viazi vya mtu mmoja. Atupele ndiye fundi anayekalia kiti changu cha zamani kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Ni binti mwenye adabu. Husalimia kwanza, shikamoo mzee, habari za kupumzika, ndipo aseme shida yake. Shida ya leo ni kwamba wanahamia seva mpya, na katika kusafisha amekuta akaunti inaitwa mamaneema. Imefungwa, haina idara, haina namba ya mfanyakazi, na haijaingia miaka mingi. Makao makuu wamemwagiza afute kila kisicho na mwenyewe kabla ya Ijumaa mchana. Akauliza, nifute?

Nikamwambia usifute. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Atupele akauliza kwa upole kwa nini. Sikuweza kumweleza kwenye simu. Basi nimeacha viazi, nimetafuta daftari, naandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaoanza kazi hii mkidhani ni kazi ya mashine.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua wengine mtasoma hamjawahi kuiona seva. Vitabu vinaiita huduma ya saraka. Mimi madereva wa malori wakiniuliza nafanya nini mle ndani, nilikuwa nawaambia natunza daftari la mlinzi wa getini. Ukikaa kwenye kompyuta ya ofisi ukaandika jina lako na neno lako la siri, ile kompyuta haikujui. Inauliza seva: huyu yupo kwenye daftari? Seva ikisema yupo, mlango unafunguka, na unafunguka ile milango uliyoruhusiwa tu. Kazi yangu kwa miaka ishirini na sita ilikuwa ni hilo daftari. Likiwa sawa hakuna anayekukumbuka. Likiharibika, hata mfagizi anajua unapokaa.

Chumba changu walikiita friji. Hakikuwa na dirisha, na kiyoyozi kilikuwa kinavuma mchana na usiku ili seva isichemke. Tunduma yenyewe mwezi wa sita ni baridi, sasa ongeza na hicho. Nilivaa sweta mbili na kofia ya sufu, nikawa nafanana na mtu anayesubiri basi la alfajiri. Mama wa chai alikuwa anaficha maziwa yake nyuma ya seva ili yasigande, na siku moja yakamwagika kwenye nyaya, nikakesha wiki nzima nikinusa maziwa yaliyochacha. Ukiacha mama wa chai, hakuna aliyeingia. Watu waliamini eti naona kila wanachoandika. Nikienda jikoni kunywa chai, mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kuzungumzia mvua. Nilizoea kunywa chai yangu mlemle kwenye friji. Sisemi hivi ili mnionee huruma, nasema kwa sababu mtakuta hivyohivyo.

Sasa majina. Ninyi mnaunda akaunti kwa fomula, herufi ya kwanza, nukta, ukoo. Mimi nilipounda daftari la kwanza, mwongozo ulisema andika jina la mtu, nami nikaandika majina tuliyoitana. Na kwetu huku, awe Mnyiha, Mnamwanga au Mndali kama mimi, mtu mzima huwezi kumwita jina lake tu kama mtoto. Akishazaa anaitwa kwa mwanawe. Basi daftari langu likawa na babagodi, mamatabia, babaesta, mamaneema. Makao makuu walipokuja kuliona walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini wakaliacha, maana lilikuwa linafanya kazi.

Mimi mwenyewe niliandika fundi. Mungu hakutujalia mtoto mimi na mke wangu, na baadaye mke wangu akarudi kwao Ileje, simlaumu. Kwa hiyo sikuwa na jina lingine la kuandika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzambia, Ba Mulenga, mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa mnene, mpole, anavaa tai hata akilala chini ya meza kuvuta nyaya. Alinisalimia mwapoleni mukwai kila asubuhi, na kila nilipoharakisha kubonyeza kitu alinishika mkono akasema panono panono, polepole. Kanuni zake zilikuwa chache. Usifute akaunti ya mtu, ifunge tu, maana iliyofungwa inafunguka. Na kabla ya kulibadilisha daftari, chukua seva msaidizi moja yenye nakala nzima, ichomoe, uiweke mbali, usiiguse. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Mune, rafiki yangu, mpaka siku utakayoihitaji." Nilimwona mzee anayeogopa mambo mapya. Leo watu wa makao makuu wananiona mimi hivyohivyo.

Wakati Songwe haijawa mkoa, tukiwa bado Mbeya, ndipo ilipokuja seva ya aina mpya, yenye daftari la kisasa. Iliuliza swali moja wakati wa kuisimika: je, kwenye mtandao wako kuna mashine za zamani? Ukijibu zipo, inakaa katika hali mseto. Maana yake inaongea lugha mbili, ya kisasa na ile ya zamani, na seva za zamani zinaweza kubaki pembeni yake kama wasaidizi. Ukijibu hazipo, au baadaye ukibonyeza kitufe cha kuipandisha daraja, inaacha lugha ya zamani, na hakuna kurudi nyuma. Lugha ya zamani ina kufuli dhaifu, mwizi anayejua kazi anaweza kuifungua. Faida yake ni kwamba mashine kongwe haifungiwi nje.

Sisi tulikuwa na mashine kongwe moja, ya stoo. Nikachagua hali mseto. Seva msaidizi ya zamani nikaichomoa kama alivyosema Ba Mulenga, nikaifunga kwa turubai na kamba, nikaipeleka stoo ikatunzwe. Aliyeipokea na kunisainia alikuwa mtunza stoo, Yustina, yaani Mama Neema.

Stoo yake ilikuwa na maturubai, kamba, sili za kufungia kontena, na ile kompyuta kongwe mezani. Neema alikuwa mwanawe wa pekee, wa darasa la tatu. Akitoka shule anapitia stoo kumsubiri mama yake, na malori yakiwa mengi mpakani mama anachelewa kutoka. Mtoto akachoka kusubiri, akaanza kuichezea mashine. Aliibadilisha rangi ikawa zambarau. Halafu akagundua kwamba mashine ikiachwa dakika chache bila kuguswa, unaweza kuiwekea maneno yanayopita yenyewe kwenye kioo, yanatoka kulia yanaishia kushoto, yanarudi tena. Akaandika: MAMA TWENDE NYUMBANI. Kila Mama Neema akisimama kuhesabu kamba, akigeuka anayakuta maneno yanapita. Alikuwa anatucheka sote, anasema nyie mna mabosi wa makao makuu, mimi bosi wangu ananiita kwenye kioo.

Neema aliugua homa Jumatatu, Jumamosi tukamzika kwao Mama Neema, shambani, huko vilimani nyuma ya Vwawa. Ofisi nzima tulikwenda. Nilisimama nyuma, sijui kusema maneno ya msibani, nikabeba maji.

Mama yake alikaa msibani wiki mbili. Katika wiki hizo ofisini watu wakakubaliana, na nia yao ilikuwa njema, kwamba akirudi asiitwe tena Mama Neema. Tutakuwa tunamchoma, alisema mama wa chai. Tumwite Dada Yustina. Mlinzi akaambiwa, madereva wakaambiwa. Mimi hakuna aliyeniambia, nilisikia tu nikipita jikoni. Nikaona na mimi nina la kumfanyia. Nikaingia kwenye friji, nikafungua daftari, nikafuta mamaneema, nikaunda yustina. Nikaandika kikaratasi, nikakibandika kwenye kioo cha mashine yake: ingia kwa yustina. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Alirudi Jumatatu. Saa mbili na nusu nikasikia mlango unagongwa, na mlango wangu haukuwa unagongwa. Aliingia na khanga ya msiba, akasimama katikati ya ile baridi. Akasema mashine inasema haimjui. Nikamweleza habari ya kikaratasi. Akasema amekiona. Akauliza ni nani alinituma kulibadilisha jina lake. Nikasema hakuna, nilidhani. Ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Fundi, getini wameniita Yustina. Jikoni wameniita Yustina. Nikasema basi, nikifika kwenye mashine nitaliandika mwenyewe. Hata mashine?"

Hakulia. Alikaa juu ya boksi la karatasi, akangoja nifanye kitu, kama mtu anavyongoja kwa daktari. Mimi nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka. Nikaunda akaunti upya palepale, mamaneema, herufi zilezile, neno la siri lilelile. Nikamwambia haya mama, nenda kajaribu. Akaenda. Nikamfuata. Aliandika jina, mlango ukafunguka, na kioo kikaja cha buluu, kitupu, cha mashine iliyotoka kwenye boksi. Alikunja mikono akasubiri. Nilielewa anasubiri nini, nikasubiri naye. Dakika kumi zikapita, kioo kikazima kikawa cheusi.

"Maneno ya mtoto hayapo," akasema.

Vijana, hapa ndipo mnisikilize. Jina mnaloliona kwenye daftari ni la kusomea tu. Nyuma yake kuna namba ndefu, seva huitoa mara moja, haiirudii kamwe. Mashine haikumbuki jina, inakumbuka namba. Rangi ya zambarau na maneno ya Neema vilikuwa bado mle ndani ya mashine ya stoo, vimeandikwa namba ya yule mamaneema wa kwanza, na mimi nilikuwa nimemfuta. Niliyemuunda alikuwa mgeni mwenye jina lake. Kama ningebadilisha jina tu, namba ingebaki na yote haya yasingetokea. Mbonyezo mmoja. Nilijua, nimefundishwa, nikafuta.

Nikakimbilia kanda ya bakapu, yaani nakala ya akiba. Kila jioni kwa miezi minane nilikuwa nabadilisha kanda, naiandika tarehe kwa mwandiko mzuri, naipanga kabatini. Nikaiingiza ya kwanza, haina kitu. Ya pili, haina kitu. Kumbe tangu siku ya kwanza kile kifaa kilikuwa kinazungusha kanda bila kuandika, na mimi sikuwahi hata siku moja kujaribu kurudisha faili. Nilikuwa na kabati zima la kanda tupu zenye tarehe. Ninyi mna bakapu zenu huko mawinguni. Mmewahi kujaribu kurudisha? Jaribuni leo, kabla hamjamaliza kusoma.

Ikabaki njia moja, ya Ba Mulenga. Seva ya zamani ilikuwa stoo, ndani ya turubai, na ndani yake daftari lote kama lilivyokuwa, Neema akiwa hai, mamaneema na namba yake. Lakini kuirudisha hiyo maana yake ni kuizima seva mpya, kuipandisha ya zamani iwe kubwa, na kusimika daftari la kisasa upya kutokea pale. Kila nilichofanya tangu kuisimika seva mpya kingepotea: wafanyakazi wapya, maneno ya siri mapya, mashine nilizounganisha moja moja. Kwa ajili ya maneno matatu yanayopita kwenye kioo. Leo najua njia fupi zaidi, ningeweza kuyanakili. Wakati ule sikuzijua, na hapakuwa na wa kumuuliza, Ba Mulenga alikuwa ameshahamia Ndola.

Jumamosi nikaenda kuomba funguo za stoo. Mama Neema hakunipa funguo, alikuja mwenyewe. Tukafungua zile kamba pamoja, yeye ndiye aliyezifunga na fundo lake halikuwa la mchezo. Tukaibeba seva mpaka kwenye friji. Nikamwambia inaweza kuchukua leo na kesho, aende akapumzike. Akavuta lile boksi la karatasi akakaa. Nikampa sweta yangu moja. Nilifanya kazi, yeye akakaa. Hatukuongea sana. Mara aliuliza hiki ni nini, mara akatoka akarudi na maharage na viazi kwenye hotpoti, tukala juu ya meza ya vifaa. Jumapili alikuja tena baada ya ibada, na nguo zake za kanisani. Nimefanya kazi mle miaka ishirini na sita, na hizo ndizo siku mbili ambazo sikuwa peke yangu.

Jumapili saa tisa alasiri nikamwambia ajaribu. Akaandika mamaneema. Kioo kikaja cha zambarau. Akakunja mikono, akangoja. Nilisimama mlangoni, na haki ya Mungu niliomba, mimi ambaye kanisani nakaa benchi la nyuma. Maneno yakatokea kulia, yakapita. MAMA TWENDE NYUMBANI. Yakarudi, yakapita tena. Aliyaangalia mpaka yakapita mara nyingi. Kisha akachukua mkoba wake.

"Haya, twende," akakiambia kioo, akatoka.

Jumatatu ofisi nzima walilalamika maneno yao ya siri yamerudi ya zamani. Nikasingizia umeme. Umeme wa siku zile ulibeba makosa mengi ya mafundi, sikuwa wa kwanza. Na watu wakamsikia Mama Neema mwenyewe getini akimwambia mlinzi, kwa utulivu, mimi naitwa Mama Neema. Ikaisha hiyo. Wengine walilitamka kwa shida, lakini walilitamka.

Kuanzia hapo nikawa yule mzee anayeogopa mambo mapya. Kila mwaka makao makuu wananiuliza lini nabonyeza kitufe, seva iache lugha ya zamani. Kila mwaka nasema bado, kuna mashine ya stoo. Wakasema mnunulieni mpya. Nikasema stoo kuna vumbi, mpya itakufa. Msiniige kwa hili. Hali mseto ni mlango wenye kufuli dhaifu, na nilichofanya kupunguza hatari ni kuitenga ile mashine kwenye kona yake ya mtandao, isiongee na nyingine yoyote ila seva. Mkilazimika kubaki na kikongwe, kitengeni hivyo. Mkiweza, kiondoeni. Mimi sikuweza, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu.

Ile mashine ilikufa yenyewe, asubuhi moja, diski inasaga ndani kama mtu anayetafuna mchanga. Niliihangaikia siku nne. Mwisho nikampelekea mashine mpya, nikamwambia nitamwandikia maneno yaleyale, hata zambarau ipo. Akakataa. Alisema nikiyaandika mimi yatakuwa ya kwangu. Akaketi, akaandika mamaneema, akaanza kazi. Mchana ule nilibonyeza kitufe cha kupandisha daraja. Kioo kikauliza una uhakika, nikasema ndiyo, kikasema tayari. Hakuna kilichotokea. Mambo makubwa ya kazi yetu huwa hivyo, hayana kelele. Nilikaa pale nikaona chumba kimekuwa kikubwa.

Alistaafu miaka mitatu kabla yangu. Akaunti yake sikuifuta, niliifunga. Basi Atupele, ndiyo maana nimekwambia usifute.

Hapo niliacha kuandika jana jioni. Nilisoma nilichoandika, nikajiona. Nimeandika kurasa nzima za kuwafundisha kwamba kosa langu lilikuwa kuamua habari ya jina la mtu bila kumuuliza. Na Atupele aliponiuliza, nilifanya nini? Niliamua. Sikumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo leo Jumatano nimevaa koti, nimepanda gari la Vwawa, na kutoka Vwawa nimechukua pikipiki mpaka huko vilimani.

Nilikuwa sijamwona tangu aage ofisini. Nilimkuta kwenye vichanja vya kahawa na wanawake wenzake wanachambua. Kabla sijafika, kijana aliyekuwa anapita na mzigo akapaza sauti, Mama Neema, una mgeni. Akageuka. Amezeeka, mimi pia. Ndoo zake tatu zilikuwa zimepangwa chini ya kichanja, zote zimeandikwa kwa rangi ya mafuta, MAMA NEEMA, ili zisichanganyike na za wengine.

Tulikaa kwake nikala, akauliza habari za Tunduma, nikamweleza kilichonileta. Nilimweleza kirefu, seva mpya, makao makuu, Ijumaa, kwamba jina lake bado lipo na nimelitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea nini? Sijui. Nadhani nilitegemea atashtuka kama nilivyoshtuka mimi.

Akacheka kidogo. Alisema alipohamia huku waliomjua tangu utoto walitaka kumwita Yustina, akawaambia anaitwaje, na waliouliza Neema yuko wapi akawaonyesha, maana kaburi linaonekana hapo ukitoka mlangoni. Sasa wanamwita hivyo shambani, kanisani, kwenye mizani ya kahawa, kuanzia asubuhi mpaka jioni, wengine wanamwita mpaka anachoka.

"Mwambie huyo binti afute, fundi. Mimi huko sikai tena."

Nilisema sawa. Niliumia, siwafichi. Miaka yote hiyo nilijiambia nalinda jina lake, kumbe jina lilikuwa halina haja na mlinzi. Mimi ndiye niliyekuwa nalihitaji lile jina libaki mle ndani, kwa sababu lilikuwa ushahidi kwamba kuna Jumamosi na Jumapili moja mtu alivuta boksi akakaa na mimi. Hilo sikumwambia. Aliniuliza siku hizi majirani wananiitaje. Nikasema wananiita mzee. Akasema hilo si jina. Nikasema najua. Akanifungashia ndizi na kahawa ya unga, akanisindikiza mpaka njiani, tukapita pale kwa Neema, tukasimama kidogo.

Nilimpigia Atupele jioni hii nilipofika. Nikamwambia nimemuuliza mwenyewe, amesema futa. Nikamwambia pia kanuni, kwamba asifute jina la mtu yeyote kabla ya kumuuliza mwenye jina, hata kama makao makuu wamekasirika. Akasema amenielewa, akashukuru. Nikasikia anabonyeza. Ikaisha, haikuchukua hata sekunde.

Halafu akasema, mzee, samahani, kuna nyingine kwenye orodha. Inaitwa fundi. Haina idara, haina namba, haijaingia tangu ulipoondoka.

"Mwenyewe ni wewe," akasema. "Nakuuliza."

Sikuwa nimejiandaa. Nilishika simu sikioni, namsikia anapumua upande wa pili, na nyuma yake nakisikia kiyoyozi changu kinavuma. Nilitaka kusema futa, neno ni jepesi, nimelisema sasa hivi kwa ajili ya mwingine. Halikutoka. Akanisubiri. Hakunikatia. Miaka mingi imepita bila mtu kunipigia simu na kusubiri niseme ninachotaka. Mwisho nikamwambia anipe siku ya kesho nifikiri, akasema hakuna shida mzee, Ijumaa ni mpaka mchana, nitakupigia tena.

Nimeshaweka simu kwenye chaji. Ndizi zipo mezani, nyingi kuliko za mtu mmoja.